Kupima Wanga na Sukari Katika Vyakula: Mwongozo wa Kuelewa Kabohaidreti kwa Vitendo

Wanafunzi wengi wa sekondari huingia kwenye mtihani wa vitendo wakiwa wamekariri kwamba iodini hugeuka buluu iliyokoza inapokutana na wanga, na kwamba mchanganyiko wa Benedict hugeuka rangi ya tofali unapochemshwa pamoja na glukosi, lakini ukiwauliza ni kwa nini, hunyamaza. Ukimya huo huniumiza, kwa kuwa sababu ipo na inaeleweka: kila rangi inayojitokeza kwenye neli ya majaribio inatokana na umbo la molekuli iliyomo ndani yake. Anayelijua umbo hahitaji kukariri rangi.

Mwongozo huu wa kabohaidreti, yaani sukari na minyororo ya sukari kama wanga na selulosi, ni wa mwalimu au mwanafunzi mwenye vyakula vya sokoni, vitendanishi (kemikali za kupimia) vichache na saa tatu za kufanya kazi kwa utulivu. Naomba hatua zifuatwe kwa mpangilio wake, kwa sababu kila jaribio linajibu swali lililoachwa na jaribio lililotangulia.

Hatua ya kwanza: tengeneza molekuli za karatasi

Usishike kitendanishi chochote kabla ya kufanya kazi hii, hata kama inaonekana kuwa mchezo wa watoto. Chukua boksi kuukuu, kata vipande kumi na viwili vyenye pembe sita, kisha ulaze kila kimoja mezani ili pembe moja ielekee kushoto kwako na nyingine kulia. Pembe ya juu upande wa kulia iandike O, yaani oksijeni. Kutoka hapo zunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa ukiandika 1 kwenye pembe ya kulia, 2 na 3 kwenye pembe za chini, 4 kwenye pembe ya kushoto na 5 kwenye pembe ya juu upande wa kushoto. Hizo tano ni kaboni. Kaboni ya sita haimo ndani ya pete; ichore ikichomoza kwenda juu kutoka kwenye kaboni ya 5. Hiyo ndiyo glukosi, C6H12O6.

Kaboni mbili kati ya hizo zitatuongoza hadi mwisho. Kwenye kaboni ya 4 chora kundi la OH likielekea chini katika vipande vyote. Kwenye kaboni ya 1, chora OH ikielekea chini katika vipande sita na uviite alfa, kisha uichore ikielekea juu katika vipande sita vilivyobaki na uviite beta. Hakuna tofauti nyingine kati ya makundi hayo mawili.

Sasa unganisha vipande vya alfa, kaboni ya 1 ya kipande kimoja na kaboni ya 4 ya kinachofuata. Kila panapounganishwa, OH mbili hukutana, molekuli moja ya maji hutoka, na oksijeni moja hubaki ikiwa daraja katikati ya pete mbili. Ndiyo sababu glukosi mbili zikiungana hazitoi C12H24O12 bali C12H22O11. Utaona kwamba vipande vya alfa vinaungana bila taabu vikiwa vimelala upande uleule, kwa kuwa OH zote mbili zinaelekea chini. Ukijaribu kufanya hivyo kwa vipande vya beta utakwama, maana OH moja iko juu na nyingine iko chini. Njia pekee ni kukipindua kipande cha pili kama unavyopindua chapati, kuanzia ukingo wa chini, ili 4 ibaki kushoto huku kaboni ya 6 ikielekea chini. Kipande cha tatu hakitapinduliwa, cha nne kitapinduliwa, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

Ibandike minyororo hiyo miwili ukutani. Mnyororo wa alfa ni kipande cha wanga, na mnyororo wa beta ni kipande cha selulosi. Ugali na uzi wa pamba vimejengwa kwa tofali lilelile, na kinachovitenganisha ni mwelekeo wa OH kwenye kaboni moja tu.

Hatua ya pili: andaa vyakula

Tafuta kiazi mviringo, unga wa sembe, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva sana za aina moja, asali, maziwa fresh, sukari nyeupe ya mezani, ute wa yai na pamba ya dukani ya dawa. Ute wa yai unawekwa kwa makusudi kama kielelezo cha chakula ambacho karibu chote ni protini na maji, na pamoja nao andaa neli yenye maji matupu. Jaribio lisilo na kielelezo cha kulinganishia haliwezi kutetewa, hata rangi zikiwa nzuri namna gani.

Chakula kigumu kitwange kwenye kinu kidogo, ongeza maji kidogo, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Osha kinu vizuri kila unapobadilisha chakula. Makosa mengi niliyoyaona katika kazi hii yalitokana na mchi uliobaki na chembe za kiazi, yakamfanya mwanafunzi aandike kwamba asali ina wanga. Asali na maziwa vizimue kwa maji, kwa kuwa weupe wa maziwa huficha rangi, na asali nzito haichanganyiki upesi na kitendanishi. Vyakula vilivyoingia maabara visionjwe tena.

Hatua ya tatu: pima wanga kwa iodini

Iodini haiyeyuki vizuri katika maji matupu, ndiyo maana maabara huiyeyusha pamoja na iodidi ya potasiamu. Kama huna hiyo, iodini ya kusafishia vidonda inafaa, mradi uizimue kwa maji hadi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Wengi huitumia ikiwa nzito mno, na kahawia yake huwazuia kuona mabadiliko madogo.

Weka matone machache ya kila sampuli kwenye kigae cheupe au sahani nyeupe, kisha udondoshee tone moja la iodini kila mahali. Kiazi na sembe vitageuka buluu inayokaribia weusi mara moja. Ute wa yai, asali, maziwa na maji vitabaki na rangi ya iodini yenyewe. Kwa ndizi, kata kipande cha kila moja na udondoshee moja kwa moja juu ya nyama yake: ile mbichi itakuwa nyeusi, nayo iliyoiva sana itabadilika kidogo au isibadilike kabisa. Ndizi mbichi ina wanga unaofikia takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake, na wanga huo karibu wote huvunjwa kuwa sukari ndizi inapoiva. Utamu unaousikia ulikuwamo ndani ya tunda tangu mwanzo, ila katika umbo ambalo ulimi hauwezi kulitambua.

Rangi hiyo ya buluu inatoka wapi? Wanga una aina mbili za minyororo. Ya kwanza ni amilosi, ambayo huchukua kati ya asilimia 20 na 30 ya wanga katika mimea mingi. Ni mnyororo mrefu usio na matawi, na kwa kuwa bondi za alfa, yaani viungo kati ya pete na pete, huupinda kidogo kila zinapounganisha pete mbili, haubaki umenyooka bali hujiviringa kama springi, glukosi sita hivi kwa kila mzunguko mmoja. Ndani ya springi hiyo kuna uwazi mwembamba, na chembe za iodini huingia humo zikajipanga kwa mstari. Iodini iliyopangwa namna hiyo hufyonza mwanga tofauti na ile inayoelea majini, na jicho huona buluu. Aina ya pili ni amilopektini, yenye tawi kila baada ya glukosi 24 hadi 30. Matawi hukatiza mizunguko, kwa hiyo amilopektini pekee hutoa rangi ya zambarau inayoelekea wekundu.

Usikubali maelezo hayo kwa kuambiwa tu. Chukua neli yenye maji ya wanga yaliyokwisha kugeuka buluu, uitumbukize katika maji yanayochemka, uone rangi inavyofifia hadi kutoweka, kisha uihamishie kwenye maji baridi uione ikirudi. Joto huikunjua springi, iodini ikatoka. Baridi huiruhusu ijiviringe tena. Ni jaribio la dakika tano ambalo halikuongezewa kitu wala kupunguziwa kitu, na bado darasa zima hushangaa.

Umbo hilo ndilo linalouwezesha wanga kuwa ghala la chakula. Kama kiazi kingehifadhi nishati yake kama glukosi iliyoyeyuka, maji yangeingia ndani ya seli zake kwa osmosisi kwa wingi wa kuzidhuru. Wanga uliofungwa kwenye punje hauyeyuki katika maji baridi, hauvuti maji, na bado unaweza kufunguliwa chipukizi linapohitaji chakula. Miili yetu hufanya jambo linalofanana kwa kutumia glikojeni, ambayo matawi yake yamesongamana zaidi, moja kila baada ya glukosi 8 hadi 12. Kila ncha ya tawi ni mahali ambapo kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinaweza kung'oa glukosi, kwa hiyo ncha zikiwa nyingi glukosi hutoka haraka, jambo ambalo mnyama anayekimbia hulihitaji na kiazi kilichotulia ardhini hakilihitaji. Ini la mtu mzima huhifadhi takribani gramu 100 za glikojeni, na misuli yake yote kwa pamoja takribani gramu 400.

Hatua ya nne: pima sukari kwa mchanganyiko wa Benedict

Mchanganyiko huu uliandaliwa na Stanley Benedict, mkemia wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi ulitumika hospitalini kupima sukari katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Una salfeti ya shaba inayoupa rangi ya buluu, kaboneti ya sodiamu inayoufanya kuwa besi, yaani kinyume cha asidi, na sitreti ya sodiamu inayoizuia shaba isizame chini.

Weka mililita mbili za sampuli kwenye neli, ongeza mililita mbili za Benedict, kisha usimamishe neli zote ndani ya bika au sufuria yenye maji yanayochemka kwa dakika tano. Usiichome neli moja kwa moja kwenye moto, kwani kimiminika huruka ghafla na kuunguza uso. Rangi huanza buluu, ikaelekea kijani, njano, chungwa na mwishowe nyekundu ya tofali kadiri sukari inavyokuwa nyingi. Asali itafika kwenye tofali haraka. Ndizi iliyoiva nayo itabadilika sana, na maziwa yatabadilika pia, ingawa si lazima rangi yake iwe safi.

Rudi kwenye pete yako ya karatasi. Glukosi ikiwa majini haibaki pete wakati wote: pete hufunguka kwenye kaboni ya 1 na kujifunga tena, bila kukoma. Wakati wowote ule, glukosi zilizo wazi ni chini ya moja katika kila mia, lakini hizo chache zina kundi lenye uwezo wa kuipa shaba elektroni. Shaba ikipokea elektroni hugeuka kuwa oksidi nyekundu isiyoyeyuka, ambayo ndiyo mchanga mwekundu unaotua chini ya neli. Zilizo wazi zikitumika, nyingine hufunguka kuchukua nafasi zao, na kazi huendelea. Sukari zenye uwezo huo tuziite sukari punguzi. Fruktosi, sukari iliyomo katika matunda na asali, imo pia katika kundi hili, kwa sababu ndani ya mazingira ya besi hujigeuza na kupata kundi lilelile.

Maziwa yanastahili maelezo ya ziada. Sukari yake ni laktosi, yaani galaktosi, sukari inayofanana na glukosi, iliyofungwa kwa glukosi, na kwa kuwa kaboni ya 1 ya ile glukosi haikufungwa, pete hiyo bado inaweza kufunguka. Kuivunja laktosi tumboni kunahitaji kimeng'enya cha laktasi, ambacho watoto wachanga wanacho, ilhali kwa watu wazima wengi duniani hupungua. Wapo watu wazima ambao hawaipotezi, na mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba baadhi ya jamii za Tanzania na Kenya, hasa za wafugaji, wana mabadiliko ya kijenetiki yanayoidumisha laktasi ukubwani, tofauti na mabadiliko yaliyojulikana Ulaya. Mwanafunzi anayeharishwa na maziwa hana ugonjwa wa ajabu wala hadeki.

Hatua ya tano: ivunje sukari ya mezani

Katika majaribio ya Benedict utakuwa umeona jambo la kutatanisha: sukari nyeupe, iliyo tamu kuliko vyote mezani isipokuwa asali, imebaki buluu. Nilipoanza kufundisha, darasa langu liliamua kwamba kitendanishi kimeharibika, nami, kwa haraka ya kumaliza kipindi, nikawakubalia na kukimwaga. Kitendanishi kilikuwa kizima. Sukrosi, yaani sukari ya mezani, ni glukosi na fruktosi zilizoshikana kwa kaboni zao zilezile zinazofungua pete: kaboni ya 1 ya glukosi na kaboni ya 2 ya fruktosi. Milango yote miwili imefungwa kwa kufuli moja, hivyo shaba haipati elektroni. Kwa sababu hiyo pia sukrosi haina haraka ya kuingiliana na kemikali nyingine, na mimea mingi, muwa ukiwa mmojawapo, husafirisha chakula chake kutoka majanini katika umbo hilo.

Kuifungua, weka mililita mbili za maji ya sukari kwenye neli, ongeza matone matatu ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha uweke kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano. Ipoze. Ongeza bikaboneti ya soda kidogo kidogo hadi povu likome, maana asidi iliyobaki ingeidhoofisha besi ya Benedict na jaribio lingeshindwa bila wewe kujua. Hapo tia Benedict na uchemshe tena. Rangi ya tofali itatokea. Maji yamerudishwa mahali yalipotolewa, bondi imekatika, na pete zote mbili zimekuwa huru. Nyuki hufanya kazi hiihii kwa kimeng'enya, akaigeuza sukrosi ya maua kuwa glukosi na fruktosi, ndiyo maana asali ilibadilika haraka bila kuhitaji asidi.

Tumia sukari nyeupe tu katika hatua hii. Sukari ya kahawia inayouzwa katika maduka mengi inaweza kuwa na glukosi na fruktosi kidogo, ikatoa ukijani hata kabla ya asidi.

Hatua ya sita: tazama kimeng'enya kikifanya kazi

Changanya gramu moja ya wanga katika mililita 100 za maji, chemsha huku ukikoroga hadi maji yawe na ukungu wa uji mwepesi, kisha uache hadi yawe na uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37. Suuza kinywa kwa maji safi, kusanya mate yako mwenyewe kwenye chombo safi, na ugawe mafungu mawili. Fungu moja lichemshe kwa dakika tano. Kila mwanafunzi ashike mate yake tu na aoshe vyombo vyake mwenyewe. Weka wanga katika neli mbili, tia mate mabichi katika moja na yaliyochemshwa katika nyingine, kisha kila baada ya dakika moja chukua tone kutoka kila neli na ulidondoshee kwenye tone la iodini.

Neli ya mate yaliyochemshwa itaendelea kutoa buluu. Ile nyingine itapita kwenye zambarau na kahawia nyekundu hadi iodini isibadilike kabisa, na hapo ukiipima kwa Benedict utaiona sukari ambayo mwanzoni haikuwapo. Amilasi, kimeng'enya kilichomo katika mate, hukata bondi za alfa kati ya kaboni ya 1 na ya 4, springi ikawa vipande vifupi mno visivyoweza kuishika iodini, na mwisho maltosi, sukari ya glukosi mbili. Haiwezi kukata pale tawi linapoanzia, kwa sababu bondi ya hapo inaunganisha kaboni ya 1 na kaboni ya 6. Sehemu hizo humaliziwa na vimeng'enya vingine katika utumbo mwembamba. Kuchemsha kulivuruga umbo la amilasi, nayo bila umbo lake si kitu.

Kwa wasiopenda kutumia mate, kipo kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uache uchipue kwa siku mbili au tatu, ukaushe juani, uondoe machipukizi na kuusaga. Nashauri ulezi badala ya mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Weka kijiko kimoja cha unga huo katika bakuli la uji mzito wenye uvuguvugu, ukoroge, na ndani ya dakika chache uji utalegea bila kuongezwa hata tone la maji. Mama anayemlisha mtoto mdogo hupata hivyo uji unaomezeka huku kila kijiko kikiwa bado na unga mwingi, na kila gramu ya kabohaidreti hutoa takribani kilokalori 4. Payen na Persoz walikitenga kimeng'enya hiki kutoka kwenye kimea cha shayiri huko Ufaransa mwaka 1833, lakini wapishi wa pombe za nafaka walikuwa wakikitumia kwa karne nyingi bila kukipa jina.

Hatua ya saba: jaribu pamba

Chukua pamba kidogo ya dukani ya dawa, uilowanishe na udondoshee iodini. Haitakuwa buluu. Iache nyingine ndani ya mate kwa saa nzima, kisha upime maji yake kwa Benedict, yatabaki buluu. Usitumie kanga au shuka jipya badala ya pamba, kwani nguo mpya mara nyingi hutiwa wanga kiwandani ili zisimame vizuri, nazo zitakupa jibu la wanga huo.

Pamba karibu yote ni selulosi, na selulosi yote ni glukosi. Utazame mnyororo wa beta ulioubandika ukutani. Kupinduka kwa kila kipande cha pili kumeunyoosha kama rula, hivyo hauna springi ya kuihifadhi iodini. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba ikashikana kwa bondi nyingi za haidrojeni, ikawa nyuzi ngumu zinazousimamisha mkonge na kuukaza ukuta wa kila seli ya mmea. Amilasi, iliyofinyangwa kwa ajili ya bondi ya alfa, haina pa kuishikia bondi ya beta. Ng'ombe huishi kwa majani kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake vyenye kimeng'enya kinachofaa, na kwetu sisi selulosi hupita ikiwa nyuzinyuzi zinazosaidia choo kisikauke. Magamba ya wadudu na kuta za seli za uyoga zimejengwa kwa kitini, mnyororo wa beta uleule wenye kundi la naitrojeni lililoongezwa kwenye kaboni ya 2.

Hatua ya nane: andika matokeo

Kwa kila sampuli andika ulichofanya, ulichokiona na unachohitimisha, kila kimoja mahali pake, na usiandike neno wanga katika sehemu ya ulichokiona. Pale huandikwa rangi tu. Emil Fischer, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1902 kwa kazi iliyohusu sukari, alipambanua maumbo ya sukari hizi bila kuiona hata molekuli moja, kwa kutenganisha kwa uangalifu kile alichokishuhudia na kile alichokikisia.

Uangalifu huo utahitajika zaidi kwenye mstari wa pamba. Iodini haikubadilika, Benedict haikubadilika, na kishawishi ni kuandika kwamba sampuli haina kabohaidreti. Andika kwamba haikuonyesha wanga wala sukari punguzi, na uishie hapo.